Kisu Nilichokivika Fedha

Mwanangu Nasor,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, kwa kadiri mtu wa umri wangu na moyo wangu anavyoweza kuitwa mzima. Wewe umelala chumba cha pili na mabegi yako yamepangwa ukumbini. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakutilia barua hii mkononi. Usiifungue mbele yangu. Njiani simama mji wa Kamil, agiza chai, uisome hapo, kisha uendelee. Nimechagua Kamil kwa sababu ni mbali na mimi vya kutosha, na bado hujafika Sur kwenye kazi yako mpya ya boti.

Habari za kula na kulala sitakuandikia. Dada yako Asya amekuusia tangu juzi, na amekufungia bizari na ndimu kavu za kuwatosha mabaharia wa bandari nzima. Mimi nina jambo moja tu, nalo limeanza na swali lako mwenyewe.

Wiki iliyopita ulikaa pembeni ya kitanda changu ukaniuliza, "Baba, kule kwenye boti kila mtu huwa na kisu chake cha kukunja. Ninunue cha namna gani, kinachodumu?"

Nikakwambia, "Ntakuandikia."

Ukacheka. "Kisu, baba! Unataka kunijibu kwa insha?"

Hukujua furaha niliyoipata. Tangu uzaliwe hukuwahi kuniuliza swali lolote la baharini. Mimi uliniletea hesabu na nahau ya Kiarabu, ukayapokea majibu kwa adabu, ukaondoka. Maswali uliyoyapenda uliyapeleka kwa mjomba wako Mbarak. Basi siku hiyo niliona nimepewa kitu kilichokuwa chake, nikakifunika haraka kama mtu aliyeokota njiani.

Siku hiyo hiyo ukanambia kwamba umekodi chumba Sur karibu na gati, kwamba hutakaa kwa mjomba, wala hutamwarifu kuwa upo mjini. "Akiuona mkono wangu anaharibikiwa siku nzima," ulisema. "Bora asinione, baba. Namhurumia." Nikaitikia kwa kichwa. Na moyoni nikafurahi mara ya pili, Nasor, Mungu ananiona. Nilifurahi kwamba hata ukikaa katika mji wake hutakuwa wake. Barua hii ni ya kuivunja furaha hiyo, kwa sababu imejengwa juu ya uongo, na mwenye uongo ni mimi. Nikinyamaza mpaka nife, wewe na mjomba wako mtabaki mnakwepana kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nianze na mimi na yeye tulivyokuwa.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Sur kwa asili, na Mbarak ni kaka yake. Sote tulizaliwa Unguja, sote tukaja huku kwa meli moja, na safari ile ndiyo Mbarak aliyoifanyia mzaha miaka na miaka. Nilikuwa mwalimu kijana, nimevaa suti, nimebeba kamusi, na nilitapika kuanzia siku ya kwanza. Mbarak akikaa barazani na wageni, kahawa ikizunguka, atasema, "Shemeji yangu huyu aliwalisha samaki toka Unguja mpaka Maskati. Mpaka leo papa wakisikia kuna mwalimu, wanakuja kupanga foleni." Watu wanaanguka kwa kucheka. Nami nacheka, maana mtu akikataa kucheka ndiyo anachekwa zaidi.

Alikuwa na karakana ya kutengeneza boti za faibaglasi na mashine zake. Mtu wa sauti kubwa, mwenye kujisifu, anayeiba karata mchana kweupe na kuapa wallahi kwamba hakuiba. Kusoma alisoma kama mimi, madarasa yale yale, akayaacha kwa hiari yake. Hilo nalo lilinikera. Angekuwa hakubahatika kusoma ningemstahi kwa urahisi. Lakini yeye alikuwa na vyangu vyote, akaviona havina ladha.

Kisha ukaja wewe, ukampenda.

Sijui kama unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kwake baada ya likizo. Ulirudi na ngozi imeungua, unanuka petroli na samaki, na maneno yako yamebadilika. Ulianza kufunga kamba za viatu kwa fundo lake. Ulianza kutembea umetanua miguu, kama kwamba sakafu ya nyumba yetu hapa Ibra, penye mlima na vumbi, ingeweza kuyumba. Mezani mama yako anakuuliza, "Haya, tueleze," nawe unaeleza mpaka wali unapoa, mjomba kasema hivi, mjomba kafanya vile. Nikikuuliza mimi habari za shule, "Nzuri, baba." Mimi ambaye nilikuwa na vijana wa watu mia darasani wakinisikiliza, wangu mmoja nilimpata kwa neno moja.

Wivu wa mke na mume watu wanaujua, wana maneno yake, na wana watu wa kuwasuluhisha. Wivu wa baba kwa mjomba wa mtoto hauna pa kupelekwa. Ningemwambia nani? Ningemwambia mama yako kwamba kaka yake ananiibia mtoto kwa kumpenda?

Sasa kisu.

Ulipokuwa sekondari, Mbarak alikupa kisu cha kukunja. Nakikumbuka kuliko ninavyokumbuka vitabu nilivyosomesha. Mpini mweusi, mbaya wa sura, umekwaruzwa makusudi usiteleze mkononi. Ubapa mfupi, ncha yake butu. Nyuma tundu la kupitishia kamba. Mgongoni mwa mpini palikuwa na kijichuma kirefu, ndilo komeo lake: ukifungua kisu, kijichuma kile kinaanguka ndani ya pengo la ubapa, ta!, na hapo kisu hakikunjiki tena mpaka ukibonyeze mwenyewe kwa dole gumba. Ulikaa unakifungua na kukifunga, ta, ta, ta, mpaka Asya akalia kwa kero.

Ikaja Idi ya Mfunguo Mosi. Nilikuwa nimekutolea sandukuni hanjari ya babu yako, jambia la kiunoni, ile iliyotoka mji wa Samad na kwenda Unguja na kurudi. Nilitaka uivae siku ile kwa mara ya kwanza, tutoke pamoja kwenda kusali, watu wa Ibra wakuone. Mama yako aliisugua fedha yake mpaka ikang'aa. Ukatoka chumbani na kanzu mpya, kilemba umekifunga vizuri, na kiunoni, kwa kamba ya nailoni, kisu cha Mbarak.

Nikakuuliza, "Hanjari iko wapi?"

"Nzito, baba. Na haikati kitu."

Hukusema kwa jeuri. Ulisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikakuamuru uivae, ukaivaa, na njia nzima ulikuwa unaishika kwa mkono kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa jirani. Kisu cha mjomba ulikitia mfukoni. Najua, kwa sababu msikitini uliposujudu kilidondoka, ukakirudisha haraka.

Baada ya sikukuu nilikwambia, "Kama lazima ukivae hicho, basi nipe nikipeleke Nizwa, kifanane na kisu cha nyumba yetu." Ukafurahi. Ulidhani nimekikubali. Mimi nilikuwa nakichukua.

Sonara wa Nizwa alikuwa mzee mfupi mwenye duka karibu na soko la mbuzi, mtu wa maneno makali. Nilimwambia auvike mpini fedha pande zote, na uzi wa fedha uliosokotwa uuzunguke, kama tufanyavyo kwenye hanjari. Alikigeuza geuza. "Hiki cha kazi," akasema. "Unamvika punda hariri." Nikamwambia punda ni wangu. Akakubali.

Niliporudi kukichukua kilikuwa kizuri, Nasor, sitasema uongo juu ya hilo. Fedha nyeupe imekaa vizuri juu ya weusi ule wote, uzi umepita sambamba kama mistari ya daftari. Nikakifungua. Kikafunguka laini, bila sauti. Nikakifunga, nikakifungua tena. Ile *ta* haikuwapo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha. "Uzi umelibana komeo hapa mgongoni. Linashuka nusu tu. Niachie niukate hapa katikati."

"Ukiukata patabaki upara."

"Na kikiwa na upara? Kwani kinakwenda kuoa?"

"Kitavaliwa sikukuu."

"Kikivaliwa tu, sawa," akasema, akifuta mikono. "Siku kikitaka kufanya kazi, kirudishe kwangu kwanza. Umenisikia, mwalimu?"

Nilimsikia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Nilisikia kwa masikio mawili, nikaelewa, kwa sababu nilikuwa mtu wa hesabu na si mjinga wa vyombo. Nikakifunga kisu kwenye kitambaa nikarudi Ibra, na njiani sikuwaza komeo. Niliwaza uso wa Mbarak atakapokiona.

Idi ya Mfunguo Tatu ulikivaa, na hanjari uliivaa pia bila kuambiwa. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote uwanjani. Jirani mmoja akakishika, akakisifia, akauliza kimetoka wapi. Ukajibu, "Kisu cha mjomba, fedha ya baba." Ulikuwa unatugawia sawasawa. Mimi nilisikia tu kwamba mjomba ametangulia.

Sikukuu haijakwisha, Mbarak akaja na gari kukuchukua. Alikuwa na boti ya rafiki yake, huko pwani ya Ashkhara, ya kujaribu mashine mpya. Ulitoka mbio na kisu kiunoni. Nilikuwa mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa fupi: *kiache hicho, mwanangu, komeo lake halishiki*. Nililiona lote, limeshafika mdomoni. Lakini ningelisema ningekuwa nimekiri mbele ya Mbarak kwamba nilikiharibu kisu chake kizuri kwa fedha yangu, na ningeusikia mzaha wake kwa miaka kumi mbele. Na nilitaka akione. Basi nikasema, "Nendeni salama," nikafunga mlango.

Yaliyotokea Ashkhara ulikuwapo wewe, mimi nimeyasikia tu. Nimeambiwa Mbarak alipokiona alipiga kelele, "Ah! Mwalimu kakivalisha kisu joho la harusi!" na nyote mkacheka. Nimeambiwa kamba ya nyavu ya mtu mwingine ilijisokota kwenye pangaboi, mkazima mashine na kuiinua, nawe ukainama nyuma kuikata kwa sababu ndiwe uliyekuwa na kisu karibu. Boti ilikuwa inapanda na kushuka. Kamba ilikuwa ngumu, ukaugeuza mkono ukasukuma kwa mgongo wa ubapa, na kisu kikajikunja juu ya vidole vyako.

Hapo ndipo mkono wako wa kulia ulipokuwa kama ulivyo: kidole cha shahada hakikunjiki, na cha kati kinakunjika kikipenda.

Nilipofika hospitali Sur, mama yako alikuwa pembeni yangu, na Mbarak amekaa sakafuni ukumbini, damu yako imekauka kwenye kanzu yake toka kifuani mpaka magotini. Hakuinuka kutupokea. Mama yako akasimama mbele yake.

"Kaka, kisu gani hicho ulichompa mwanangu?"

"Cha dukani, Zuwena. Nilidhani kizuri."

"Ulidhani!"

"Nilidhani. Nimekitupa baharini, sikuweza kukitazama." Kisha akanigeukia mimi. Hajawahi kuniangalia vile, bila mzaha hata kidogo machoni. "Shemeji, nimekukatia mtoto wako. Niambie utakalo."

Mlango ulifunguliwa kwangu kwa mara ya pili. Nikasema, "Kadari, shemeji. Kadari ya Mungu." Nikamshika bega. Watu waliokuwa pale wakanisifu kwa subira yangu, na mmoja wao alinitolea mfano kwa wanawe. Nilijificha nyuma ya neno la Mungu kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia, miguu ikionekana, na hakuna aliyetazama chini.

Baadaye ilikuwa kama nilivyotaka, na hiyo ndiyo adhabu. Mbarak hakukuchukua tena. Akija Ibra alikaa karibu na mlango, akinywa kahawa yake haraka. Mzaha wa meli hakuurudia. Kuna siku mgeni mmoja alimwomba, "Hebu tueleze ile ya mwalimu na papa," akasema ameisahau. Nilimwona anazeeka kwa sababu yangu, na mwanzoni, mwanangu, nilistarehe. Nakuandikia neno hilo lilivyo. Nilistarehe. Nikakupata wewe mezani jioni, na hesabu zako, na baadaye cheti chako cha biashara, na ile kazi ya ofisini Nizwa ambayo uliifanya vizuri na kuichukia. Nilikupata mzima mzima, ukawa unakaa nami ukitazama dirishani.

Mama yako amekufa akiamini kwamba kaka yake alikuwa mzembe. Alimsamehe, lakini kusamehe si sawa na kujua kwamba hakuna la kusamehe. Alipokuwa anaumwa, Mbarak alikuja, akamletea papa mkavu wa Ashkhara aliyempenda. Mama yako akamwambia, "Kaka, yale yamekwisha." Akaitikia, "Yamekwisha, mama." Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda na mto mkononi. Hilo siwezi kulitengeneza tena. La kwako na lake bado linawezekana.

Jibu la swali lako ninalo, na nimelipata kwa njia ya ajabu. Tangu Ashkhara sijapita duka la visu bila kuingia. Matrah, Sur, Nizwa, popote nilipokwenda kwa dawa au kwa mazishi, niliomba visu vya kukunja nikavifungua na kuvifunga sikioni, nasikiliza. Mwenye duka mmoja Matrah alinivumilia sana, mwisho akaniambia, "Hajji, unanunua au unapiga ngoma?" Mama yako alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Labda kweli. Lakini sikio langu limejifunza.

Usianze na ubapa. Anza na komeo. Kifungue polepole, usikie likishuka, kisha ugonge mgongo wa ubapa kwenye kipande cha mbao au ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali. Kikitetereka hata kidogo, kirudishe, hata kama muuzaji ni jamaa yako na anaapa. Halafu tazama msumari wa bawaba, pale ubapa unapozungukia. Kuna vilivyopigwa ribiti, msumari usiofunguka, na kuna vyenye skrubu. Wauzaji wengi watakusifia ribiti, lakini mimi napenda skrubu, kwa sababu chumvi ikiingia unaweza kukifungua ukakisafisha.

Chuma kisichoshika kutu makali yake hayadumu sana, na chuma chenye makali ya kudumu kinaliwa na bahari. Chagua kinachoisha makali. Kunoa ni kazi ya muda mfupi ukiwa umekaa, na kutu inakula komeo ndani usikoona. Nusu ya makali iwe na meno, kwa ajili ya kamba ya nailoni, ambayo makali laini huteleza juu yake. Ncha iwe butu. Mtu akikuuliza kisu gani hicho kisicho na ncha, mwambie boti inayumba na paja la mwenzako liko karibu. Kifunguke kwa mkono mmoja, maana wa pili daima utakuwa umeshika kitu. Na kwa kidole chako kilivyo, jaribu kukifungua kwa dole gumba peke yake, palepale dukani, mkono umeulowesha maji. Usione haya. Omba maji.

Mpini uwe mtupu. Usikubali mtu akutilie juu yake rangi, ngozi, jina lako, wala kitu chochote cha mapenzi. Kikitoka baharini kioshe kwa maji matamu, kipanguse, tone la mafuta kwenye bawaba. Basi. Hii ndiyo elimu yangu yote ya bahari, na nimeilipia kwa mkono wako.

Leo alasiri, wewe ulipokwenda kuaga watu, nilimwomba Asya anipigie simu ya Sur, kisha nikamtoa chumbani. Mbarak akapokea kwa sauti yake ya siku hizi, ya chini. Nikamweleza yote, sonara, uzi, komeo, mlango. Sikumpa nafasi ya kuingia katikati kwa sababu nilijua nikikatizwa sitaendelea.

Nilieleza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

"Wewe ni punda."

"Najua."

"Hujui. Punda hajui. Miaka yote hii naamka usiku nakiona kisu kile!" Sasa sauti ilikuwa imepanda, ile ya zamani, nikaitoa simu sikioni. "Nilikichagua siku nzima, wallahi! Nilizunguka maduka yote! Nilijua ni kizuri! Nikajiambia basi Mbarak, hata kujua hujui tena!" Akatukana, matusi ya karakana, mengine sikuwahi kuyasikia nikiwa mwalimu wa vijana mia. Kisha akapumua. "Mimi na wewe tutasemezana ukipona. Na usipopona, tutasemezana huko mbele, usidhani umenikimbia."

"Inshaallah."

"Mtoto anakuja lini?"

Nikamwambia kesho. Nikamwambia na habari ya chumba ulichokodi. Akasema chumba hicho wakae paka.

"Na kisu chake cha kazi nitamnunulia mimi," akasema.

"Nilikwisha kumnunulia," nikamwambia. Na ni kweli, kiko mezani hapa, nilikinunua juzi kupitia kwa Asya, kinasema *ta* vizuri sana.

"Basi chako kiweke. Nimesema nitamnunulia mimi."

Nasor, niko karibu na kaburi, nimetoka kumkiri mtu kosa langu kubwa la maisha, na bado niliushika ule mkono wa simu nikitaka kubishana naye juu ya kisu. Nilitaka ukitumie changu. Nilitaka kila kamba utakayoikata unikumbuke mimi. Niliwaza kukutilia begini kimyakimya, umfiche, uwe navyo viwili na chake ukiache nyumbani. Ndivyo nilivyo. Sijabadilika, nimechoka tu, na watu huchanganya mambo hayo mawili.

Nikamwambia, "Haya. Mnunulie wewe."

Nadhani alishangaa. Kisha akasema, "Nitampeleka akachague mwenyewe, mimi nitalipa tu," akakata simu bila kuaga.

Asya ameomba hiki changu akatie kamba za mizigo ya majani ya mbuzi, nimempa.

Wewe una haki ya kunikasirikia, na sikuombi uharakishe kumaliza. Kama utapiga kelele, piga hapo Kamil, jangwa limesikia mengi. Kama hutanijibu barua hii, nitaelewa. Lakini chumba cha gatini kiache. Nenda nyumba ya mjomba wako, ile ya mlango wa bluu nyuma ya karakana, atakuwa amesimama nje tangu asubuhi akijifanya anatazama matairi. Muamkie. Mpe mkono wa kulia, huo huo, usiufiche, na umwachie autazame mpaka atosheke. Akilia au akitukana, kwa vyovyote atakavyoanza, kaa naye amalize. Kula chakula chake. Mwache akwambie habari za papa na meli, zote, na za uongo alizoziongeza.

Mimi nitakuwa nimekaa karibu na simu toka utakapoondoka, lakini usinipigie kwanza kuniarifu umefika. Mwanzo uwe wake. Kisha nipigie.

Usikawie sana.

Baba yako,
Seif